Mwanamichezo, mafua na baridi ya Mbeya

Mchezaji akipiga chafya mara mbili mazoezini Mbeya mwezi wa sita, sababu inakuwa imeshajulikana kabla daktari wa timu hajauliza lolote: baridi. Wageni wanaopanda kutoka Pwani kuja kucheza Uwanja wa Sokoine wanaamini hivyo, wenyeji wa Uyole na Tukuyu wanaamini hivyo, na mwalimu wa timu mwenye uzoefu wake atasema kijana kapigwa na baridi, mpeni koti, mpeni chai ya tangawizi, kesho atakuwa fiti. Kesho inafika, kijana anakohoa, na mwenzake wanayelala chumba kimoja naye koo linamwasha. Wiki inayofuata nusu ya kikosi inavuta kamasi.

Hapo ndipo maelezo ya baridi yanapoanza kupwaya. Baridi hairuki kutoka kitanda cha kwanza kwenda cha pili. Kinachoruka ni kirusi, na kirusi kinahitaji mtu wa kukibeba. Baridi ina sehemu yake katika habari hii, na mazoezi magumu yana sehemu yake, ila kwa kadiri ninavyoufahamu ushahidi uliopo, timu zetu za Nyanda za Juu Kusini zinapambana na baridi, adui wa tatu, na kumwacha kirusi, adui wa kwanza, apite.

Virusi vinavyoweza kumpa mtu mafua ni vya aina zaidi ya 200. Vinavyoongoza ni rinovirusi, ambavyo peke yake vina aina zaidi ya 150, ndiyo maana mwili haumalizi kuvizoea. Baada yake kuna virusi vya korona vya kawaida, vilivyokuwa vikizunguka miaka mingi kabla ya UVIKO-19, kuna RSV, adenovirusi, parainfluenza, na kuna influenza yenyewe, ile inayomwangusha mtu kwa homa kali na maumivu ya mwili mzima ndani ya saa chache. Mtu mzima wa kawaida hupata mafua mara mbili au tatu kwa mwaka. Kwa karani au mwenye duka, wiki moja ya mafua ni usumbufu. Kwa mkimbiaji aliyejiandaa miezi minne kwa ajili ya marathoni moja, wiki hiyo ikiangukia pabaya inafuta mwaka mzima.

Wala si jambo la wachache. Olimpiki ya London ya mwaka 2012 ilikuwa na wanamichezo zaidi ya 10,000 waliofuatiliwa kiafya. Karibu asilimia 7 waliugua kitu fulani wakati wa mashindano, na katika maradhi yote yaliyoandikwa, asilimia 41 yalikuwa ya njia ya hewa. Misuli na magoti ndiyo yanayozungumzwa sana, lakini pua na koo vimeshawaharibia mashindano watu wengi waliofika wakiwa katika hali nzuri kabisa ya miaka yao.

Baridi inafanya nini hasa

Rinovirusi huzaliana vizuri zaidi kwenye joto la nyuzi 33 hivi, ambalo ndilo joto la ndani ya pua, kuliko kwenye nyuzi 37 za ndani ya mwili. Pua ikipoa zaidi, ulinzi wake wa mwanzo unalegea. Mwaka 2005 watafiti wa Cardiff, Wales, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 180. Nusu waliloweka miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20, nusu wakakaa na miguu mikavu. Katika siku zilizofuata, 13 kati ya 90 waliolowekwa miguu walipata dalili za mafua, na kundi la pili walikuwa 5 kati ya 90. Kwa hiyo bibi anayemkataza mjukuu kutembea pekupeku kwenye umande wa Njombe hakosei sana. Ila jaribio lile halikupima virusi, na watafiti wenyewe walidhani kwamba baridi iliwapa nafasi virusi vilivyokuwa vimeshaingia puani kimyakimya. Pasipo kirusi, miguu ilowe mpaka jioni, hupati mafua.

Kwa mwanamichezo kuna jambo jingine kubwa zaidi, nalo ni wingi wa hewa. Mtu aliyetulia huvuta lita 6 hivi za hewa kwa dakika, karibu zote kupitia puani, ambako hewa inapashwa joto, inalowanishwa na kuchujwa. Mkimbiaji wa kiwango cha juu akiwa kwenye kasi yake kubwa anaweza kuvuta lita 150 na kuzidi kwa dakika. Pua haiwezi mzigo huo. Mdomo unafunguka na hewa inaingia kifuani jinsi ilivyo: baridi, kavu, na kwetu wakati wa kiangazi ikiwa na vumbi.

Sasa mchukue kijana huyo saa kumi na mbili asubuhi ya mwezi wa saba, apandishe Kawetire kwenye barabara ya Chunya. Mji wa Mbeya wenyewe uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara ile inapita mita 2,000. Hata hapo mjini tu, kila pumzi inamletea oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ambayo angeipata Dar es Salaam, kwa hiyo mwili unamlazimisha avute hewa nyingi zaidi. Ndani ya njia ya hewa kuna ute mwembamba, na chini ya ute kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyosukuma vumbi na vijidudu kupanda kuelekea kooni ili mtu ameze au ateme. Hewa kavu ikipita kwa wingi namna hiyo kwa saa nzima, ute unakauka na vinyweleo vinapunguza mwendo. Koo linawaka. Kikohozi kinaanza. Pua inatiririka. Anafika chini na dalili zote za mafua, na huenda hana kirusi hata kimoja.

Hilo limepimwa. Huko Australia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, walifuatiliwa wanamichezo wa kiwango cha juu wa mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio kwa pamoja, wengine wa kiwango cha kawaida, na watu wasiofanya mazoezi kabisa. Yalipatikana matukio 37 ya ugonjwa wa pua na koo. Walipotafuta vimelea, walivikuta katika matukio 11 tu. Vipimo vya wakati ule havikuwa vikali kama vya leo, na baadhi ya virusi bila shaka viliponyoka, lakini pengo ni kubwa mno kulifunika kwa sababu hiyo peke yake. Sehemu ya yanayoitwa mafua kwa wanamichezo ni njia ya hewa iliyochubuka, mzio wa vumbi na chavua, au mirija ya hewa inayojibana kwa sababu ya mazoezi.

Kwa daktari au mwalimu wa timu, kutofautisha hayo kunahitaji maswali kabla ya dawa. Koo likiwaka mara tu baada ya kukimbia na kutulia kabla ya kulala, kusiwe na homa wala uchovu wa mwili, mwenzake wa chumbani awe mzima, na hali hiyo ijirudie kila asubuhi ya baridi, basi kijana anahitaji kupimwa pumzi hospitalini. Anahitaji pia kujifunza kuupasha mwili moto taratibu, na kufunika mdomo kwa kitambaa chepesi ili hewa iingie ikiwa na joto kidogo. Pakiti ya tatu ya antibaiotiki mwaka huu haitamsaidia kwa lolote.

Mazoezi magumu na kinga

Maelezo mengine yanapendwa na waliosoma elimu ya michezo: kwamba mazoezi mazito yanaangusha kinga ya mwili. Yana historia ya kueleweka. Mwaka 1982, baada ya mbio za Two Oceans za kilomita 56 huko Cape Town, theluthi moja ya wakimbiaji waliripoti dalili za pua na koo ndani ya wiki mbili, mara mbili ya watu walioishi nao nyumba moja bila kukimbia. Mwaka 1987 wakafuatiliwa wakimbiaji wa marathoni ya Los Angeles. Asilimia 12.9 ya waliokimbia waliugua wiki iliyofuata, wakati wakimbiaji waliojiandaa vilevile lakini hawakushiriki walikuwa asilimia 2.2. Ikazaliwa hoja ya dirisha wazi: kwamba saa kadhaa baada ya kazi nzito, chembe za kinga zinapungua kwenye damu na virusi vinapata mlango.

Kupungua huko ni kweli, ukimpima mtu damu unakuona. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, wakauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema: zinakwenda wapi? Jibu lao ni kwamba nyingi hazifi. Zinatoka kwenye damu na kuingia mapafuni, kwenye utumbo na sehemu nyingine ambako vimelea vina uwezekano mkubwa wa kukutwa, kisha zinarudi. Kuhusu wale wakimbiaji wa Los Angeles na Cape Town, walijieleza wenyewe kwamba waliugua, hawakupimwa virusi. Tena walikuwa wamesafiri, wamelala vibaya kwa wasiwasi, na wamesimama bega kwa bega na maelfu ya watu kwenye mstari wa kuanzia.

Nashawishika zaidi na upande wa Bath, ingawa sitatupa upande wa kwanza wote. Kuongeza mzigo wa mazoezi kwa ghafla, kijana wa kilomita 60 kwa wiki akapelekwa 110 kwa sababu mashindano yamekaribia, kunaendana na maradhi katika tafiti nyingi. Vivyo hivyo kufanya mazoezi ukiwa na njaa, kama mabondia wanaokimbizana na uzito wanavyofanya. Lakini mwili uliozoea mzigo mkubwa hatua kwa hatua huubeba. Wanaofika kwenye medali mara nyingi ni wale wasiougua sana, na sababu iko wazi: anayekosa mazoezi kila mwezi kwa ajili ya mafua hafiki huko.

Basi, chumba na chupa ya maji

Februari 2018 timu ya Finland ilikwenda PyeongChang, Korea Kusini, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Walikuwa wanamichezo 44 na maofisa 68, na safari hiyo watafiti walikwenda nao wakiwa na vifaa vya kisasa vya kutambua virusi. Wanamichezo 20 walipata mafua. Virusi vilionekana kwa asilimia 75 ya wanamichezo waliougua, na vilikuwa vya aina kadhaa vilivyozunguka kambini kwa wakati mmoja.

Namba ninayotaka msomaji aitazame ni ya maofisa. Waliougua walikuwa 22 kati ya 68, karibu theluthi. Hawa hawakupanda mlima wowote wala kuvuta lita 150 za hewa ya barafu. Makocha, madaktari, watengeneza vifaa, watu wa ofisini. Walichoshiriki na wanamichezo ni ndege, meza ya chakula, korido na vyumba. Nami naona hapo ndipo penye kiini cha tatizo la timu yoyote, iwe ya Finland au ya Iringa: watu wengi wanaoishi kwa kukaribiana mno, wakisafiri pamoja, wakilala pamoja.

Tazama safari ya timu kutoka Dar es Salaam kuja Mbeya kwa barabara. Ni zaidi ya kilomita 800, na zaidi ya saa 12 ndani ya basi. Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni ni joto, madirisha yako wazi, upepo unapiga. Basi likishamaliza kupanda Kitonga hewa inabadilika. Mafinga kila dirisha limefungwa, makoti yamevaliwa, wengine wamejifunika mashuka ya kitandani, na watu thelathini wanavuta hewa ileile hadi Makambako, hadi Igawa, hadi Uyole, saa nne na zaidi. Akiwepo mmoja wa kukohoa siti ya tatu, inatosha.

Kisha hesabu siku. Rinovirusi huchukua siku moja hadi tatu tangu kuingia mwilini mpaka dalili kuonekana, na influenza moja hadi nne. Aliyepata kirusi ndani ya basi siku ya Alhamisi ataanza kuwashwa koo Jumamosi, siku ya mechi, akiwa Mbeya, asubuhi yenye ukungu unaoshuka kutoka mlima Loleza. Atasema ni baridi ya Mbeya. Kila mtu kwenye benchi atakubali, maana baridi anaihisi na kirusi hakukiona kikiingia. Timu itakayorudi Dar es Salaam na wagonjwa sita itakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba huku juu hakufai, na safari nyingine watafunga madirisha mapema zaidi.

Kambini mambo ni yaleyale. Vijana wanne au sita chumba kimoja, dirisha limefungwa na pazia limepigwa misumari pembeni ili upepo usipite. Mazoezini chupa moja ya maji inapita mikono kumi, kila mmoja akiweka mdomo. Taulo moja inafuta nyuso tatu. Wanafunzi wa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, wanaolala kwenye mabweni ya shule ndiyo zaidi. Na kuna hatari moja ambayo haihusiani na virusi lakini siwezi kuipita bila kuitaja: jiko la mkaa linaloingizwa chumbani ili kupasha joto. Moshi wake unachubua koo lilelile ambalo tunajaribu kulilinda, na hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi. Watu wamelala nalo Makete, Njombe na kwingineko kwenye baridi wasiamke. Jiko libaki nje. Blanketi la pili ni nafuu kuliko chochote kitakachofuata.

Kinachotakiwa hakihitaji fedha za klabu kubwa. Madirisha mawili ya basi, la mbele na la nyuma, yafunguliwe upana wa vidole vitatu hata kama watu wananung'unika, na makoti yavaliwe. Kila mchezaji awe na chupa yake yenye jina lake. Sabuni iwepo penye maji, maana virusi hivi hupita pia kwenye mikono inayogusa pua na macho. Anayeanza kuwashwa koo aseme siku hiyohiyo na ahamishiwe chumba chake peke yake, kwa sababu siku mbili tatu za mwanzo ndizo anazotoa virusi kwa wingi. Hapa kuna ugumu wa kibinadamu ambao mwalimu ndiye mwenye ufunguo wake. Mchezaji wa akiba aliyesubiri nafasi miezi mitatu hatasema anaumwa kama anajua akisema atapoteza namba. Atameza vidonge vya kutuliza maumivu, atasema "Mwalimu, niko fiti," na ataambukiza safu nzima ya ulinzi. Timu ambayo mgonjwa anaheshimiwa kwa kusema mapema itaugua kidogo kuliko timu ya wababe.

Usingizi nao upimwe kwa uzito wake. Mwaka 2015 huko Marekani ilichapishwa kazi ya watafiti waliofuatilia usingizi wa watu 164, kisha wakawadondoshea rinovirusi puani. Waliokuwa wakilala chini ya saa sita kwa usiku walikuwa na uwezekano wa kuugua mara nne zaidi ya waliolala zaidi ya saa saba. Kijana anayefika Mbeya saa saba usiku na kuamshwa saa kumi na moja kwa ajili ya mazoezi mepesi anafungulia mafua mlango mpana kuliko ule wa umande.

Kuhusu vitamini C, kwa watu wa kawaida kuimeza kila siku hakuzuii mafua. Lakini majaribio matano yaliyojumuisha watu 598, wakimbiaji wa marathoni, watelezaji wa theluji na wanajeshi waliokuwa kwenye kazi nzito, yalionyesha mafua kupungua kwa nusu. Mapera na machungwa vinaitoa ya kutosha. Chanjo ya influenza ipo na inafaa, ichomwe angalau wiki mbili kabla ya mashindano, ingawa si huduma ya kawaida kwenye zahanati zetu. Rinovirusi hazina chanjo.

Homa na moyo

Swali linaloulizwa zaidi ni kama mtu mwenye mafua afanye mazoezi. Madaktari wa michezo wana kanuni nyepesi: dalili zikiwa juu ya shingo tu, pua na koo kidogo, anaweza kufanya mazoezi mepesi na kuona mwili unasemaje, mbali na wenzake. Zikishuka chini ya shingo, kifua kikibana, kikohozi cha ndani, maumivu ya misuli, tumbo kuharibika, au joto la mwili likifika nyuzi 38, anaacha kabisa. Si kupunguza kasi. Kuacha.

Sababu ni moyo. Virusi kadhaa, influenza na korona vikiwamo, vinaweza mara chache kuingia kwenye msuli wa moyo na kuufanya uvimbe. Moyo uliovimba ukilazimishwa kufanya kazi ya dakika tisini unaweza kupoteza mapigo yake na kusimama. Sweden iliyajua haya kwa machungu: kati ya mwaka 1979 na 1992 vijana 16 wa mchezo wa kukimbia porini kwa ramani walikufa ghafla, na uchunguzi ulikuta uvimbe wa msuli wa moyo kwa wengi wao. Waliotuhumiwa zaidi ni bakteria, si virusi, lakini kilichotokea moyoni ni kilekile. Mwishoni mwa 1992 mazoezi makali na mashindano ya mchezo huo yalisimamishwa kwa miezi kadhaa, na vijana wakafundishwa kutokukimbia wakiwa wagonjwa.

Wapenzi wa soka watamkumbuka Alphonso Davies wa Bayern Munich. Januari 2022, baada ya kuugua UVIKO-19, vipimo vilionyesha uvimbe kwenye moyo wake. Akakaa nje hadi Aprili. Beki mwenye kasi kama ile, katika timu kubwa kama ile, miezi mitatu nje bila mtu kumharakisha. Ndicho kipimo ninachotaka kitumike kwenye uwanja wa Samora kule Iringa, Sokoine na viwanja vya shule. Mchezaji aliyepona mafua kisha mapigo yanakwenda mbio akipanda ngazi, kifua kinauma, anazimia au anaona kizunguzungu mazoezini, asirudishwe uwanjani mpaka moyo upimwe kwa mashine ya umeme wa moyo hospitalini.

Wapo watakaomtaja Noah Lyles. Paris, tarehe 8 Agosti 2024, alikimbia mita 200 akiwa na UVIKO-19 uliothibitishwa siku mbili kabla, akamaliza wa tatu nyuma ya Letsile Tebogo wa Botswana na Kenneth Bednarek, kisha akatolewa uwanjani kwa kiti cha magurudumu. Ujasiri wake siubezi. Lakini zilikuwa sekunde 19.70, na madaktari walikuwa pembeni. Kijana wa kilomita 42 kwenye milima ya Mbeya hana kinga hizo mbili.

Chupa ya dawa ya kikohozi

Mchezaji anaingia duka la dawa Mwanjelwa. "Naomba dawa ya kikohozi, kifua kimebana." Muuzaji anauliza, "Kikavu au chenye makohozi?" Anajibu, analipa, anaondoka na chupa na vidonge vidogo ndani ya bahasha. Hakuna aliyeuliza kama anacheza ligi au anajiandaa na mbio zenye wapimaji wa dawa zilizopigwa marufuku.

Baadhi ya dawa za maji za kikohozi zina salbutamol, dawa ya kupanua mirija ya hewa. Ya kuvuta kwa pampu inaruhusiwa kwa kiwango maalumu, ila ya kunywa imepigwa marufuku wakati wote, mashindanoni na mazoezini. Dawa nyingine za kuzibua pua zina pseudoephedrine au ephedrine, ambazo wakati wa mashindano zikizidi kipimo kwenye mkojo ni kosa. Vidonge vidogo vile mara nyingi huwa prednisolone au dexamethasone, dawa za jamii ya steroidi, nazo ni marufuku kumezwa wakati wa mashindano. Andreea Răducan wa Romania alikuwa na miaka 16 aliposhinda dhahabu ya jumla ya jimnastiki Sydney mwaka 2000. Akavuliwa, kwa sababu ya kidonge cha mafua chenye pseudoephedrine alichopewa na daktari wa timu yake mwenyewe. Msichana hakuwa na hila yoyote, na medali haikurudi. Kwa hiyo boksi lisomwe kabla ya kufunguliwa, na maneno hayo yatafutwe kwa herufi zake.

Antibaiotiki haziui virusi, ziwe amoksilini au azithromaisini. Na ipo moja ambayo mkimbiaji anapaswa kuiogopa kwa sababu yake mwenyewe: siprofloksasini na ndugu zake wanaweza kudhoofisha kano, hasa ile kubwa ya nyuma ya kisigino, hata ikakatika. Kuimeza kwa ajili ya mafua ni kujitafutia jeraha la miezi mingi bila faida hata ya siku moja. Paracetamol kwa homa, maji, asali kwa kikohozi, tangawizi kwa anayeipenda, na kulala. Kujifukiza kunampa mtu nafuu ya pua kwa muda, hakuui kirusi, na sufuria la maji ya moto limeshaunguza wengi. Anayefanya lazima awe mwangalifu.

Baki na tahadhari mbili za huku kwetu. Homa si mafua mpaka malaria iwe imepimwa, hasa kwa anayetoka Kyela au bonde la Usangu, kwenye mbu wengi kuliko mjini Mbeya. Na kikohozi cha kirusi kinaweza kuburuta, lakini kikivuka wiki mbili, hasa kikiambatana na jasho la usiku, kupungua uzito au damu kwenye makohozi, mchezaji apelekwe kupimwa kifua kikuu. Tanzania imo kwenye orodha ya nchi zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na misuli iliyojengeka haimzuii mtu kuupata. Kipimo cha makohozi ni bure kwenye vituo vya serikali, dawa ni bure, na mchezaji akikutwa nao, wote aliolala nao chumba kimoja kambini wanapimwa pia.